Kiingereza cha Mezani

Kulikuwa na dereva mmoja, mtu mzima, ambaye wenzake kazini walimwita Taratibu kwa jinsi alivyokanyaga breki, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kwa sifa hiyo alipewa kumwendesha mhandisi mgeni aliyekuja kukagua madaraja. Mhandisi hakujua Kiswahili zaidi ya asante na pole. Taratibu naye Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani: kushoto, kulia, simama, mafuta, ndiyo bosi. Kwa kazi yao kilitosha, maana daraja halitaki maneno mengi.

Taabu ilianzia kwenye chakula.

Safari ya kwanza, mchana, Taratibu aliegesha gari mbele ya mkahawa wa vitambaa vyeupe, akalaza kiti nyuma kidogo apumzike, akijua bosi ataingia peke yake kama mabosi wote waliotangulia. Huyu akagonga kioo, akamwashiria ateremke. Ndani akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Mhudumu akaweka mbele ya kila mmoja orodha ya vyakula, pana kama gazeti, yote Kiingereza, bila picha hata moja.

Taratibu aliitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Herufi alizijua, shule alifika, lakini maneno yenyewe hayakumfungulia mlango. Mhudumu amesimama, kalamu mkononi. Bosi anatabasamu. Ili yaishe, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Kikaja kibakuli cha supu ya uyoga, nyeupe, nzito, inanata kama gundi ya kubandikia karatasi. Na Taratibu tangu utotoni uyoga ulikuwa haupiti kooni mwake. Lakini chakula cha mtu aliyekukaribisha mezani hukikunjii uso. Akaamua kufa na tai shingoni. Akaimeza kijiko kwa kijiko kama dawa, akafuta kibakuli kwa mkate, na bosi alipomtazama, akainua dole gumba.

Wengine huponzwa na mdomo. Yeye aliponzwa na dole gumba.

Bosi alikuwa mtu mwema, na ubaya wa wema wake ni kwamba haukusahau. Kila mkahawa walioingia, jambo la kwanza aliuliza kama kuna supu ya uyoga. Ikiwepo, anampiga Taratibu begani na kumwagizia bakuli kubwa. Isipokuwepo, anasikitika kwa niaba yake, na siku hiyo Taratibu anakula kwa amani chochote kinacholetwa. Mahali pamoja mpishi aliombwa aipike makusudi. Wakaisubiri muda mrefu, bosi akisugua viganja kwa furaha, Taratibu akiomba moyoni gesi iishe. Haikuisha.

Barabarani bosi alikaa mbele, kando yake, na alizungumza sana kwenye simu. Huenda alikuwa mkewe huko kwao, huenda mwanawe, Taratibu hakujua. Maneno yalimpita kama miti ya kando ya njia. Ila sauti ya mtu aliyeumia haihitaji mkalimani. Siku moja, baada ya simu, bosi aligeuzia uso dirishani akakaa hivyo kilima hadi kilima, na Taratibu akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Nyumbani, mkewe alikuwa fundi cherehani. Aliposikia habari za supu alicheka hadi mguu ukamtoka kwenye pedali.

"Baba watoto, si umwambie tu?"

"Nimwambie kwa mdomo gani? Kiswahili hajui, Kiingereza sijui."

"Basi maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Aliyemhurumia ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye aliwahi kuwa mhudumu katika hoteli kubwa kabla magoti hayajamgomea. "Shemeji," alisema, "mimi nimepokea oda kwa Kiingereza mpaka miguu ikavimba. Jumapili nakuja hapa, uagize kwangu."

Jumapili akamketisha kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamwekea sahani tupu, akajitupia taulo mkononi na kusimama wima kama yuko kazini.

"Ai wud laik rosti kichen, plizi," alisema Taratibu, jasho likimtoka.

"Shemeji, umeagiza jiko. Hata likiokwa vipi, halitafuniki. Kuku ni chiken. Chi, chi, kama kifaranga."

Mkewe akainamia cherehani, mabega yakimtikisika.

Wakaendelea Jumapili baada ya Jumapili. Alijifunza kuomba kuku wa kuoka, kuomba chumvi, kuuliza kama ndani kuna uyoga, na kukataa kitu bila kumwudhi mtu. Hili la mwisho lilimchukua muda zaidi. Akiwa peke yake garini alifanya mazoezi kwa sauti, akiiagiza mizani ya barabarani kuku, akimwagiza askari wa trafiki kuku, mpaka ulimi ukazoea.

Siku ikafika. Mkahawa ulikuwa na madirisha makubwa na feni inayolalamika. Bosi akaanza kuuliza habari ya supu. Taratibu akainua mkono kidogo, akamgeukia mhudumu, akasema yote kwa mfululizo, bila kukwama: hapana, asante, leo hataki supu ya uyoga, angependa kuku wa kuoka, tafadhali. Kiingereza kilitoka kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mhudumu akaandika, akaondoka.

Bosi hakutabasamu. Alimtazama Taratibu kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akasema sentensi ndefu, kwa sauti ya chini na haraka, iliyoishia na swali. Taratibu hakuambulia hata neno. Lakini swali lilingoja jibu, na jibu alilokuwa nalo siku zote lilikuwa moja.

"Yesi, bosi."

Kuku akaja. Alikuwa mtamu, ngozi imekauka vizuri, na Taratibu alikula nusu yake kwa raha kabla hajaona kwamba bosi hajagusa sahani yake.

Kuanzia hapo bosi akakaa kiti cha nyuma. Simu ikilia, anamgusa bega asimamishe gari, anashuka, anatembea mbali ndipo anaipokea. Mezani aliendelea kumkaribisha, akimsogezea orodha bila kusema lolote, na Taratibu akawa anaagiza kuku, na kuku huyo akawa anapita kooni kwa shida zaidi kuliko uyoga. Alijikagua: amevunja adabu wapi? Gari lilikuwa safi. Mwendo ulikuwa uleule.

Ni karani wa ofisini, mwanamke aliyejua lugha zote mbili, aliyemwita pembeni.

"Kaka, tangu lini unajua Kiingereza?"

"Cha kuku tu, dada."

"Bosi anasema alikuuliza mezani kama muda wote ulikuwa unaelewa anayozungumza garini. Ukamwambia ndiyo."

Taratibu aliweka mkono kichwani.

Karani akaenda kumweleza bosi. Akaeleza vizuri, akataja hata ule mkasa wa jiko. Bosi akaitikia kwa kichwa, akaja kumpa Taratibu mkono, akasema hakuna tatizo. Lakini safari iliyofuata alifungua mlango wa nyuma.

Jumapili Taratibu alimwomba shemeji yake somo moja la ziada. "Nifundishe kusema: sikuwahi kusikiliza mambo yako."

Shemeji alifikiri, taulo mkononi. "Hayo hatukufundishwa. Sisi tulifundishwa ya mezani." Baadaye akaongeza, "Na ni kweli, hukusikiliza?"

"Maneno, sikuyasikia."

"Na mengine?"

Taratibu akainuka, akasema anakwenda kuangalia maji ya rejeta.

Safari ya mwisho niliyosikia habari zake ilikuwa kwenye barabara tupu isiyo na kivuli, jua la utosi. Simu ikalia. Taratibu akahisi kidole begani, akasimama taratibu kama kawaida yake. Bosi akashuka, akatembea hadi kwenye kingo za daraja, akazungumza huku mkono mmoja umefunika macho. Taratibu aliona shati lake likiloa mgongoni. Akachukua mwavuli chini ya kiti, akamfuata, akaunyoosha kwa urefu wa mkono huku amegeuza uso pembeni. Bosi akanyamaza. Akaupokea, akasema asante kwa Kiswahili, kisha akasubiri, simu ameishusha, mpaka Taratibu arudi.

Taratibu akaingia garini, akafunga mlango. Halafu akapandisha vioo vyote, cha kwake na cha abiria na vile vya nyuma, hadi juu kabisa, ili bosi aone. Joto likajaa ndani kama tanuri. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, mahali inapoonekana kutoka nje, akakaa hivyo akingoja simu iishe.