Kokoa Haitaki Fagio

Mimi nimejijenga mwenyewe, na sioni haya kulisema. Darasani nilikaa kidogo. Mgongoni nilibeba sana: magunia ya watu pale mpakani Kasumulu, mpaka nikanunua kipande changu cha shamba huku Talatala. Nimezoea kuwaambia watoto kwamba sijalishwa na mtu. Siku hizi naongeza neno, na sababu yake ni mke wangu na fagio lake.

Kwetu mwanamke hupimwa kwa uwanja wake, na si uwanja tu, hadi chini ya migomba. Wangu alivuka hapo, akafagia mpaka kwenye kokoa. Jani likianguka asubuhi, mchana hulikuti. Mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa aliyakokota hadi mtaro wa mwisho wa shamba, akayatupa huko pamoja na taka zote. Mgeni akipita anamshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, mama. Hapa mtu analala chini bila mkeka." Naye anatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Lakini kokoa hiyo, aliyoipanda kwa mkono wake, ilikuwa haizai. Vijiua vyeupe vilijaa kwenye shina, kisha vikadondoka. Akavifagia navyo.

Mtoto wetu wa kwanza, anayeuza mchele mjini Kyela, akaja na shauri lake.

"Tata, miti hii ni mivivu. Tukate, tupande michikichi."

"Miti ni ya mama yako. Muulize mwenyewe."

Mama yake hakuinua uso. "Ngoja msimu ujao. Isipozaa, lete panga."

Alisema kwa sauti ndogo, nikajua imemuuma. Katika shamba lote, kokoa ile ndiyo kitu pekee anachokiita "changu".

Waliotufumbua macho ni kuku. Kila siku walikuwa wanatoroka uwanja msafi na kwenda mtaroni. Nikawafuata na fimbo. Nikawakuta wanapekua yale mashina ya migomba yaliyooza: funza, minyoo, majongoo, na chura mmoja mnene amekaa katikati kama mwenyekiti wa kijiji. Nilipoinua macho, nikashusha fimbo. Miti ya kokoa iliyouinamia mtaro ule ilikuwa imebeba matunda kuanzia chini ya shina hadi matawini.

Nikamwita mke wangu. Akaja, akaizunguka miti.

"Nani anaitunza hii?"

"Hakuna. Wewe unaitupia taka tu."

Tukachutama. Niligeuza shina moja bovu, wakaruka usubi, wadogo hata kuliko wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi kule Mwaya. Mmoja akatua kwenye kijiua cha kokoa, akazama ndani, mahali ambapo nyuki hapiti hata akijibana. Akatoka, akaenda kwenye kijiua kingine. Tukatazama mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kumbe ndio washenga," mke wangu akasema. "Wanazaliwa humu, wanakula humu. Na mimi kila asubuhi nawafukuza kwa fagio."

"Basi acha majani yalale."

"Wenzangu watasema nyumba hii imefiwa na mwanamke."

"Waache waseme."

"Hawatakusema wewe."

Hapo alinikamata. Kesho yake alilaza vigogo vya migomba kuwa mpaka. Ndani ya mpaka uwanja uling'aa kama zamani. Nje yake majani yaliachwa, na migomba iliyovunwa ilikatwa vipande na kulazwa chini ya kokoa. Matunda meusi yenye ugonjwa aliyatoa, akayafukia mbali; ugonjwa haukaribishwi. Kina mama waliokuja walitazama lile vurugu la majani, wakatazamana. Yeye akawaletea chai.

Tangu siku ile nautazama mgomba kwa heshima. Unakunywa jua maisha yake yote, unatupa mkungu, unakatwa, unalala chini, na bado lile jua limo ndani yake. Funza anakula mgomba, kuku anakula funza, mimi nakula kuku. Ng'ombe wangu ni majani yanayotembea. Hata samaki wa ziwani, ukimfuata nyuma, aliyemla na aliyeliwa, unaishia kwenye ule ukijani wa majini. Sijaona mnyama anayelila jua lenyewe, hata simba hana ujanja huo. Jani peke yake ndilo linalojipikia. Nilidhani aliyejijenga mwenyewe ni mimi. Kumbe yupo aliyenizidi, na namvulia kofia. Nami sivui kofia ovyo.

Msimu ukafika. Mtoto wetu akaja, na panga kweli analo mkononi. Akasimama kwenye mpaka wa vigogo. Miti ilikuwa imevimba matunda, mengine yameanza kugeuka manjano. Alitazama miti, akatazama chini.

"Mama, hapa pamekuwa pachafu."

"Ndiyo. Panga limenolewa?"

"Limenolewa."

"Vizuri. Mgomba ule umeshavunwa. Ukate vipande vipande, uvilaze huku chini ya kokoa."

"Vya nini sasa?"

Mke wangu alikuwa ameshainama kwenye uwanja wake, anafagia.

"Washenga wangu hawajala," akasema.