Shingo ya Daktari na Yangu

Miaka kumi na tisa nilisimama upande wa kushoto wa kile kiti, Daktari upande wa kulia, na mdomo wa mtu katikati yetu. Yeye anang'oa na kuziba, mimi nashika taa na mrija wa kuvuta mate. Taa ilikuwa na mkono wake wa chuma, ukalegea mwaka wa pili, fundi akasema kipuri chake hakipatikani. Daktari akaniambia, "Ishike kwa leo tu, dada." Hiyo leo ikawa miaka kumi na saba. Wagonjwa wakaniita Mama Taa, hata mwenye nyumba wangu akasahau jina langu.

Sikusoma. Nikiwa darasa la tatu baba alipooza, nikabaki nyumbani kumwogesha. Kazi ya meno niliipata kwa macho na masikio: koleo la juu ni lipi na la chini ni lipi, mtoto ashikwe vipi ili asimng'ate Daktari, mwanamume gani mwenye misuli atazimia akiona sindano. Daktari alipenda kuwaambia wageni, "Huyu angesoma, mimi ndiye ningemshikia taa." Watu wanacheka. Nami nilicheka nao, mjinga mimi.

Watu hudhani daktari wa meno anaumia vidole. Anaumia shingo. Mdomo ni tundu dogo, na jino bovu hupenda kukaa mwisho kabisa, gizani. Kuna kioo kidogo chenye mpini, cha kuangalia magego ya nyuma bila kujipinda, lakini Daktari alikuwa mtu wa haraka na kioo hushika ukungu mgonjwa akipumua. Alikitumia kusukumia shavu tu. Jino alilifuata mwenyewe kwa macho: anainama, anageuza kichwa, bega la kulia linapanda hadi sikioni, anakaa hivyo nusu saa. Kiti nacho kilikuwa hakilali hadi mwisho. Na hata kingelala, wagonjwa wengi hawataki kulazwa, wanasema wanahisi kuzama. Kwa siku watu ishirini. Jioni akijinyoosha, pingili zake zilialika kama kuni kavu.

Mwaka wa kumi na tano vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Akapigwa picha ya shingo, akaambiwa pingili zimesagika na zinabana mishipa ya fahamu, apunguze kazi. Akanunua mto mpya. Akanunua na kola ya kuvaa shingoni, akaivaa nyumbani tu, wagonjwa wasimwone. Kila asubuhi mkewe alimfunga vifungo vya shati, mimi namfunga koti la kazi. Kila mtu alimpa pole. Mwenye duka la dawa jirani alimletea marashi ya kuchua, na nani wa kuyapaka kama si mimi?

Mimi nami nilikuwa nimeinama upande wa pili miaka yote hiyo, mkono juu, taa mkononi. Binti yangu ni msusi, anajua maana ya kusimama kutwa. Siku moja aliniona nikichana nywele kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mama, nyinyi wawili mmeoana shingo. Ila yeye ndiye anayepewa pole, wewe unapewa taa."

Nilimfokea. Nikamwambia amheshimu Daktari.

Mwishowe shingo ilikataa kabisa kugeuka kushoto, na hapo ndipo Daktari aliporudi kwenye kile kioo. Mwanzoni alihangaika, maana kioo hubadilisha pande. Baada ya miezi mikono ilizoea. Akawa anatamba: "Sasa sigeuki hata kidogo, Mama Taa. Nakaa wima kama askari."

Siku moja alikuja seremala, mtu mnene, mcheshi. Alikuwa na magego mawili ya chini yaliyozibwa zamani kwa madini, moja kulia, moja kushoto, yanafanana kama pacha. Maumivu yalikuwa yamemtapakaa kichwa kizima. "Daktari," alisema, "mimi nimeleta kichwa, jino litafute mwenyewe." Tukampiga picha. Usaha ulikuwa chini ya gego la kulia. Picha ya meno ni ndogo, ina kinundu pembeni kama punje ya mtama, na kinundu kikikutazama ndipo picha imekaa sawa; ukiitazama kinyume, gego la kulia linaonekana la kushoto. Niliitundika kwenye kisanduku cha mwanga ukutani, nyuma ya bega la kushoto la Daktari, kinundu kikinitazama. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyopika.

Daktari hakugeuka. Aliinua kile kioo juu ya bega, akaitazama picha ndani yake, akashusha mkono, akachukua sindano ya ganzi. Mimi nilikuwa nabadilisha mrija. Nilipoinua taa, koleo lilikuwa limeshashika gego la kushoto.

"Daktari, ni hilo?"

"Nimeona picha, mama. Mwanga."

Nikammulikia.

Kesho yake asubuhi seremala alirudi, shavu limevimba upande wa kulia, ucheshi umemwisha. "Umeng'oa mzima," alisema. "Mgonjwa umeniachia." Daktari aligeuka mwili mzima, miguu na kiuno, akakitazama kile kisanduku. Akang'oa gego la pili bila malipo, lakini mtu aliyepoteza magego mawili hanyamazishwi kwa hivyo. Seremala alikwenda moja kwa moja kwenye bodi ya madaktari.

Mchana Daktari alifunga mlango.

"Mama Taa, bodi wakijua siwezi kugeuza shingo, leseni wanaichukua. Nimekwisha. Watoto wangu bado wako chuoni."

"Pole, Daktari."

"Picha ikiwa ilitundikwa kinyume, hilo ni kosa la bahati mbaya. Wewe huna leseni, hawana cha kukunyang'anya."

"Lakini kinundu kinatazama huku."

Alinyanyua mkono wake ule wenye vidole vilivyokufa, akakosa mara ya kwanza, akaishika picha mara ya pili, akaigeuza. "Sasa kinatazama ukuta," alisema. Kisha akalia. Mtu mzima, mbele yangu. "Miaka kumi na tisa, dada. Nisitiri. Wewe hutaondoka hapa, hilo naapa."

Nikamsitiri. Nilikuwa najua kuandika jina langu, nikaliandika chini ya barua aliyoitunga yeye.

Wakaguzi wawili walikuja wiki iliyofuata. Mmoja, mwanamke wa umri wangu, aliniuliza, "Cheti chako cha kazi hii kiko wapi?"

"Sina."

"Na picha za wagonjwa unazitundika wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akamtazama Daktari kama anayemwonea huruma kwa kuishi na mimi. Uamuzi ulikuwa mfupi: Daktari amepewa onyo, na asionekane tena na mtu asiye na cheti ndani ya chumba kile. Daktari alinisindikiza hadi mlangoni. "Nifanye nini, Mama Taa, ndio sheria." Nikamwaga unga hivyo, baada ya miaka kumi na tisa, saa nne asubuhi, wagonjwa wakinitazama.

Kliniki zote za meno mjini ni tano, na madaktari wake wanajuana. Mmoja alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akauliza, "Wewe si ndiye yule aliyegeuza picha?" Wa pili hakuniuliza, alicheka tu. Wengine sikuwafikia. Nikajaribu kufua nguo za watu, mkono wa kulia ukakataa. Hospitali ya serikali wakanipiga picha ya shingo, wakaniambia pingili zimesagika. Daktari kijana akaniuliza, "Mama, ulikuwa unabeba nini kichwani?" Nikamwambia sikubeba kitu, nilishika taa. Akaandika kitu, sijui nini.

Miezi minane baadaye nikasikia Daktari amefanyiwa upasuaji wa shingo na amefunga kliniki. Roho ikanirudi kidogo. Nilijiambia, sasa hana leseni ya kuogopea. Akiniandikia mistari miwili tu, kwamba picha ilikaa sawa, naweza kurudi kazini mahali, hata kuosha vyombo vyao.

Mkewe alinifungulia. Daktari alikuwa kwenye kiti cha mkono, kola shingoni, amekonda, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alifurahi kuniona, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Mama Taa! Karibu, karibu. Shingo yako?"

"Imekufa kama yako. Daktari, nimekuja unisaidie. Ile barua. Nataka uandike ukweli sasa."

"Ukweli gani?"

"Kwamba picha niliitundika sawa. Wewe uliitazama kwenye kioo."

Alinikazia macho. Nilimfahamu mtu yule. Akidanganya, kope humchezacheza. Hazikucheza.

"Lakini uliigeuza," alisema, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Nilipogeuka kuitazama ilikuwa imegeuzwa. Naiona hadi leo. Ni uchovu, tulikuwa tumechoka sote."

"Daktari, wewe ndiye uliyeigeuza. Kwa mkono huo hapo."

"Jamani, mwache apumzike," mkewe akasema.

"Mimi sikukuwekea kinyongo," Daktari akasema, na machozi yakamlengalenga. "Amini. Nilikusamehe siku ileile."

Mkewe akaniletea chai. Niliinywa, na Daktari akawa ananisimulia habari za watoto wake, kwamba mdogo anasomea meno.