Mpira Uliogusa Ukingo wa Meza

Katika mpira wa meza, mpira unaogusa ukingo wa juu wa meza ni halali, hata kama mguso wenyewe ni mwepesi kiasi cha kusikiwa na mchezaji mmoja tu. Binti yangu, ambaye bado yuko sekondari, aliusikia mguso wa namna hiyo katika ukumbi mmoja wa Tottenham, alipokuwa akiwania nafasi katika timu ya vijana. Mwamuzi alidhani mpira wa mpinzani umetoka nje, akampa yeye pointi. Binti yangu akainua mkono na kusema kwamba mpira uligusa meza. Pointi ikarudishwa kwa mpinzani, na kwa pointi hiyo binti yangu akashindwa mechi, akaikosa nafasi.

Wenzake wa klabu walimsubiri mlangoni. "Mpisheni malaika!" mmoja akasema, nao wakaangua kicheko.

Ndani ya treni nilimhutubia juu ya uaminifu, kituo baada ya kituo, hata abiria wa jirani akahama kiti.

"Baba, basi," akanikatiza kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto waliozaliwa huku ughaibuni. "Sichezi tena."

Raketi ikaingia kwenye kabati la viatu, na kila nilipozidi kumsifu ndivyo alivyozidi kuninunia.

Jumapili mama yake akaweka filamu ya Kijapani kuhusu vijana wa mpira wa meza. "Shehe, kaa utazame," akaniambia, "lakini leo hakuna mawaidha."

Mimi si mtu wa filamu. Nilitarajia kwamba kijana mwenye bidii angepewa kikombe mwishoni, nami ningepata la kusema. Badala yake alishindwa na rafiki yake, jirani asiyejua hata kuamka mapema kufanya mazoezi. Kesho yake jirani huyo akaja na raketi kwapani, akamwita nje. Wakacheza mpaka wakacheka. Habari ya mechi haikutajwa.

Nilifungua kinywa. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Hakuna aliyemwambia kitu," binti yetu akasema polepole, safari hii kwa Kiswahili.

"Hakuna," nikajibu, nikaishia hapo.

Akaenda kabatini, akarudi na raketi, akaondoa sahani mezani. "Baba, nipe vitabu vyako, vile vinene, tupange wavu. Halafu simama pale." Mimi nilipewa kibao cha kukatia mboga.

"Baba! Hilo si panga!"

"Nawe usinionee, mimi ni mzee."

Tulicheza mpaka chai ikapoa. Jumamosi alirudi klabuni, akaniomba nisiingie ndani. Niliketi mkahawani ng'ambo ya barabara, nikiwashukuru kimoyomoyo watu wa filamu ile, wa nchi nisiyoijua, ambao walimpa mwanangu kile ambacho maneno yangu mengi yalikuwa yakimnyima.