Ngitili Ndani ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitoka chuoni nikiamini kwamba uharibifu wote huanza na uzembe mdogo. Niliajiriwa katika ofisi ya hifadhi ya ardhi mjini Shinyanga, kuandika ripoti kuhusu ngitili: malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili ndama na ng'ombe wachovu wayakute kiangazi.

Tulikuwa na kompyuta moja. Siku ilipokataa kuhifadhi chochote kwa kuwa diski imejaa, nilimwambia mkuu wetu, bila kusita, kwamba barua za mama mpiga chapa wetu ndizo zilizoijaza. Akaamua: kuanzia Jumatatu mama yule arudi kwenye taipureta.

Mama hakugombana nami. Aliuliza tu, "Mwanangu, barua zangu umezipima, au umezikadiria kwa macho?"

Swali hilo lilinikosesha raha. Nilikuwa na disketi kutoka chuoni, yenye programu iliyochora diski nzima kama picha: kila faili kisanduku cha rangi, na faili kubwa, kisanduku kikubwa. Ijumaa niliiwasha mbele yao wote wawili, nikingoja haki ionekane.

Kioo kikajaa viraka, kama mashamba yatazamwapo kutoka juu ya majabali. Mama akavaa miwani.

"Boma langu liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa mshale. Barua zake za miaka miwili zilikuwa kiraka cha kijani pembeni. Hata ndama mmoja asingeshiba.

"Na pori hili jekundu lote, la nani?"

Nikasogeza mshale, jina la faili likajitokeza mbele ya wote. Lilikuwa ripoti yangu, pamoja na picha zake. Kila jioni nilihifadhi nakala mpya, nisifute ya jana.

Mkuu alicheka hadi akashika meza. "Kumbe mlinzi wa malisho ndiye mwenye ng'ombe wengi! Basi, mama habanduki hapa."

Nilimwomba mama radhi palepale, nikafuta nakala zote isipokuwa mbili. Weupe wa nafasi tupu ukaenea pichani. Nilipoanza kuingiza ramani ili kuujaza, alinishika mkono.

"Msomi wa ngitili, na ngitili yako mwenyewe huiachi?"

Tukaacha robo ya diski wazi, marufuku kuigusa bila idhini ya mama.

Jumatatu nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta. Taipureta ameifunika kwa kitambaa cha kudarizi.

"Marahaba," alisema, shikamoo yangu ikiwa bado mdomoni.