Friji Iliyofungiwa Stoo

Mwenye nyumba wetu wa Kabiria alikuwa mzee wa kanisa, na sijawahi kuona bahili anayemtaja Mungu kama yule. Kwenye ploti yake stima ilikuwa ya mita moja kwa wapangaji wote. Balbu na redio, sawa. Friji na pasi, marufuku.

Mama, aliyekuwa akisuka watu nywele Kenyatta Market, alinunua kafriji ka mtumba akakaficha nyuma ya pazia. Si kwa ajili ya maziwa. Mimi nilizaliwa na damu isiyoganda vizuri, maana inakosa protini fulani. Hospitali ilikuwa imempa kichupa kimoja cha protini hiyo, ya msaada, nichomwe sindano mara tu kiungo kikianza kuvuja damu ndani. Kikae kwenye baridi, walimwambia, na usichelewe.

Ijumaa moja mzee akasikia friji ikinguruma. Akaingia, akaibeba na kichupa changu ndani, akaifungia stoo.

"Mzee, kuna dawa ya mtoto humo," Mama akamsihi.

"Dawa ya damu? Kwani huyu ni gari, atiwe oili? Muombee, Mama!"

Kisha akaenda zake ushago, kijijini kwao, kwenye mazungumzo ya mahari, ufunguo mfukoni. Jumamosi goti langu likaanza kufura. Hospitali, dawa imeisha. Simu ya mzee, mteja hapatikani. Jirani yetu fundi, mwenye nyundo za kila aina, siku hiyo hakuwa na hata moja ya kuvunjia kufuli. Aliogopa kufukuzwa nyumba. Mtu mzima hovyo! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Jumapili mzee akarudi ameshiba mbuzi. Alipofungua stoo tukakuta friji imechomekwa kwenye stima, soda zake zimepangwa ndani, kichupa changu kimesukumwa pembeni. Baridi kabisa.

"Si nimewatunzia?" akasema, bila haya. Ptuu!

Nilichomwa, damu ikakoma kuvuja, lakini goti halikukunjika tena.

Baadaye jirani mmoja akafiwa, tukakusanyika kwake kwa maombi. Mzee akaamuru wote tupige magoti. Mimi nikabaki nimesimama. Akafumbua jicho moja.

"Kijana, kiburi hicho mbele za Mungu umetoa wapi?"

Mama alikuwa amepiga magoti karibu naye. Hakuinuka.

"Goti lake lilibaki stoo kwako, Mzee," akasema. "Endelea kuomba."