Siku Nilipopanga Kamusi Yangu Kwenye Vitabu vya Kuuzwa

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Likasi si mji mkubwa na aliyewasimulia huenda ameongeza chumvi: ndiyo, mtu aliyetajwa kwenye kipaza sauti cha parokia Jumamosi ile ni mimi, na ndiyo, hata ile asilimia iliyotajwa ni yangu.

Mimi huandika habari katika jarida dogo la parokia yetu hapa Kikula, na wanaonijua wanajua napenda mpangilio: viatu vyangu hulala vikitazama mlango, na hati zangu za maana hukaa ndani ya kamusi kubwa ya Kifaransa aliyoniachia baba, ili zisikunjike. Asubuhi hiyo kamusi ilikuwa ndani ya mfuko wangu, na ndani ya kamusi ilikuwa Diplôme d'État yangu, cheti cha kumaliza sekondari chenye asilimia ya mtihani, ile ya asili, kwa sababu kiwanda kimoja njia ya Kakanda kilikuwa kinatafuta mtunza ghala, na ofisi yao ya mjini ilipokea maombi hadi saa sita mchana siku hiyo, na walitaka kuiona diploma yenyewe, si kopi. (Aliyewahi kupoteza ya asili hapa kwetu anajua habari yake. Wengine wamezeeka wakingoja nyingine.)

Saa tatu na nusu nikapita mbele ya maktaba ya parokia, nikaona mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Humo ndimo huuzwa vitabu vikuukuu ambavyo maktaba haivihitaji tena. Nikajiambia: dakika tano tu.

Anayeuza ni Mama Hortense, aliyekuwa sekretari wa shule miaka mingi kabla ya kustaafu. Yeye huuza kwa vidole. Hulaza vidole vyake kando ya kitabu, akahesabu unene, na kila kidole kina bei moja, kiwe kitabu cha fizikia au riwaya ya mapenzi. Vidole vyake ni vinene, Mungu ambariki, kwa hiyo kila mnunuzi hutoka amefaidi. Kisha, kabla hajakukabidhi kitabu, hukishika kwa majalada, kichwa chini, na kukikung'uta mara tatu kama mkeka, kwa sababu watu husahau mambo ndani: picha za watakatifu, risiti, na mara moja barua ambayo haikupaswa kuonekana na mtu. (Niliwahi kuuandikia mzaha ukung'utaji huo katika jarida. Kumbukeni hilo.)

Sheria ya pale ni kwamba mifuko inabaki mlangoni. Mimi sikutaka kuiacha diploma mlangoni, nikaitoa kamusi na kuingia nayo kwapani. Basi nikapata atlasi ambayo ndani yake nchi yetu bado inaitwa Zaïre, nikapata kitabu cha jiometri kisicho na jalada, nikapata mwongozo wa kutengeneza gari ambalo sijawahi kuliona likipita barabara yoyote ya Likasi (vidole viwili tu! ungeacha?), mikono ikajaa, nikaiweka kamusi mezani.

Na meza ile, jamani, ilikuwa vurugu tupu, vikubwa juu ya vidogo, migongo huku na huku. Mkono wangu ukaanza wenyewe. Vikubwa chini, vidogo juu, migongo yote upande mmoja. Na kamusi ya baba, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko vyote, nikaiweka chini ya rundo, mahali pake panapostahili.

"Papa Célestin, weye uko mutu ya kazi," Mama Hortense akanisifu. Nikajisikia mkubwa, nikaenda rafu za mwisho kutafuta zaidi.

Niliporudi, rundo lilikuwa pungufu.

"Mama, ile dictionnaire kubwa iko wapi?"

"Nimeuzisha! Vidole ine na nusu. Mama mumoja wa église ya réveil, ile ya mabati mekundu. Alitoka anaimba."

"Ilikuwa yangu!"

"Yako namna gani? Na njo weye mwenyewe uliipanga pale!"

Nikatoka mbio, na nyuma yangu nikamsikia akiita, "Ngoja, Papa! Ngoja kwanza!" Sikungoja. Mtu anayejiita mwandishi wa habari hakungoja kusikia sentensi ya pili.

Kanisa hilo la uamsho, la mabati mekundu, liko mitaa mitatu kutoka parokia. Ndani, akina mama kama thelathini walikuwa katika maombi yao ya Jumamosi, na kamusi yangu imelazwa mbele, karibu na Biblia. Nilipita katikati yao bila hata kusalimu, nikainyakua. Kiongozi wao, ambaye wote humwita Mama Pasta, akanitazama bila hasira.

"Kaka, Bwana asifiwe. Unatafuta nini?"

"Diplôme yangu!"

Nikafungua, nikageuza, nikakung'uta (mara tatu, kama mkeka). Likaanguka ua moja kavu la jakaranda ambalo baba alilihifadhi. Hakuna kingine. Nikajikuta nimekaa sakafuni.

"Ameanguka!" mmoja akapaza sauti, na sekunde hiyo hiyo mikono sijui mingapi ikatua kichwani na mabegani pangu, na Mama Pasta akanguruma, "Bwana, rudisha diplôme ya huyu kaka! Rudisha sasa! Sasa hivi!"

Sina maelezo ya kilichofuata. Umeme, ambao mtaani kwetu huja unapotaka, siku hiyo ulikuwapo, na kipaza sauti cha parokia kikakohoa.

"Allô, allô. Njo Mama Hortense. Nimeokota Diplôme d'État ya Mwape Célestin, ilianguka mu kitabu."

"Alleluia!" Kanisa zima likaruka. Mimi pia niliruka.

"Juu ba Mwape Célestin iko babili mu paroisse," sauti ikaendelea (na kweli tuko wawili wa jina hilo), taratibu, sauti ya sekretari wa shule, "nasoma yote, mwenyewe ajijue. Alizaliwa Kambove. Section commerciale. Cinquante et un pour cent. Narudilia: cinquante et un."

Hamsini na moja, na kufaulu ni kuanzia hamsini. Alleluia zikakatika. Kutoka nyuma mama mmoja akasema polepole, "Cinquante et un? Huyu alipita na mulango inafunga."

"Tumushukuru Mungu hata vile," akasema Mama Pasta.

Sasa niwaambie kwa nini asilimia hiyo ilikuwa balaa kwangu. Nyumbani mimi ni mtu wa sitini na nane. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu Solange tulipokuwa tunachumbiana, na uongo ule ukazeeka nasi ndani ya nyumba. Solange ana hamsini na tisa, hakuwahi kuficha, na kwa miaka kumi na moja kila bukari, ugali wetu, lilipoungua nilisema, "Ndiyo mambo ya cinquante-neuf." Na Jumamosi asubuhi Solange hufanya mazoezi ya kwaya. Katika uwanja wa parokia. Chini ya kipaza sauti.

Nilirudi bila kamusi. Hata sikukumbuka kuidai. Kwaya ilikuwa imeacha mazoezi. Solange alisimama mbele, diploma yangu mkononi, anaisoma kama mtu anayesoma barua ya kifo.

"Minye niko na cinquante-neuf, Célestin," akasema. "Myaka kumi na moja uko unanichekaka."

Sauti za kwanza ziliangalia viatu vyao, sauti za pili ziliniangalia mimi. Nilidhani ataichana, na kusema kweli nisingemlaumu. Akanisukumia ile karatasi kifuani.

"Saa sita banafunga. Kimbia. Ingine tutaongea ku nyumba."

Nilikimbia. Kwenye geti la ofisi mlinzi alinitazama, akatabasamu. "Njo weye Cinquante-et-un? Dada yangu anaimbaka mu chorale, amenipigia telefone." Nilikabidhi maombi yangu zikiwa zimebaki dakika kumi. Mama aliyepokea hakuuliza asilimia. Aliuliza kama naweza kutunza vitu kwa mpangilio. Mezani kwake kulikuwa na rundo la mafaili yaliyolala ovyo, nikaona mkono wangu unaanza kuinuka, nikautia mfukoni na kujibu, "Ndiyo, Mama."

Kazi niliipata. Kamusi nimemwachia Mama Pasta, alilipa vidole vyake. Na nimeapa: sitapanga tena meza isiyo yangu, na mtu akiniita kwa kusema "ngoja", nitangoja.

Hayo mengine tuliyaongea nyumbani, na hayawahusu. Ila mkija kwetu mtaona diploma mbili ukutani sebuleni, ndani ya fremu. Solange alizitundika mwenyewe. Yangu iko chini ya yake, na si kwa bahati: alilaza vidole ukutani kama Mama Hortense, akahesabu vinane, kimoja kwa kila alama anayonizidi, akapiga msumari.