Nyangumi Walioutisha Mtaa

Mwaka jana niliamua kumpeleka mama Zanzibar kutazama nyangumi. Likizo yangu ilikuwa inakaribia, na nilisoma mtandaoni kwamba kuanzia mwezi wa saba hupita karibu na kisiwa. Nikapanga yote: ndege ya kupitia Nairobi, hoteli isiyo na ngazi kwa ajili ya magoti yake, boti yenye kivuli. Mama amesafiri sana maishani, na kila safari alikuwa anakimbia vita. Nilitaka asafiri mara moja kwa raha tu.

Nilimwambia tukiwa nje ya nyumba yetu, mtaa wa Hai Cinema hapa Juba, Sudan Kusini, kwa kile Kiswahili cha Uganda tulichorudi nacho kutoka ukimbizini badala ya mali.

“Hiyo samaki tunaenda kununua?”

“Hapana, mama. Tunatazama tu.”

“Halafu?”

“Halafu tunarudi. Ni siku chache, beba kibegi kidogo.”

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayedanganya vibaya. Siku chache, kibegi kidogo: ndivyo alivyoambiwa kila mara. Mara ya mwisho, katika hizo siku chache nilizaliwa Uganda, nikasoma, nikamaliza shule.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta amefunga masufuria, mablanketi, mbegu za bamia, vyeti vyetu vya ubatizo na jembe lisilo na mpini. Kuku wake watatu alikuwa amempa jirani yetu muuza chai.

“Ofisi yenu imesikia nini?” akaniuliza kwa sauti ya chini.

Ninafanya kazi katika shirika la misaada kule mtaa wa Thongpiny, na Juba watu husoma mizigo yetu kuliko wanavyosikiliza redio. Tukionekana uwanja wa ndege na mabegi, mitaani wanaanza kujaza maji kwenye madumu.

Muuza chai naye akaja. “Mama yako amenipa kuku. Nyinyi iko na habari gani?”

Nikamwonyesha video ya nyangumi kwenye simu. Akaitazama mpaka mwisho, akakubali kwamba ni mkubwa, kisha akaniuliza kama awapeleke watoto kwa dada yake Uganda leo au angoje kesho. Kabla ya wiki kwisha, majirani walikuwa wananunua unga kwa magunia. Mimi na mpango wangu wa raha tulikuwa tumeanzisha vita bila risasi hata moja.

Nilikasirika. Nikamwambia mama kwamba mtaa mzima unafunga virago kwa sababu yake.

“Wanafunga?” Alishtuka kweli.

Asubuhi akatoa kiti chake, akakaa nje ya lango akichambua maharage mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Kila aliyeuliza alijibiwa, “Mimi iko hapa tu.” Jioni muuza chai alirudisha kuku wawili. Wa tatu, malesh, samahani sana, alikuwa ameshaliwa.

Nikasema basi, tusiende. Nilikuwa nimetaka sana aione bahari.

“Wewe nenda,” mama akasema, bila kuacha maharage yake. “Ile siku tulirudi kutoka Uganda, tulipiga hodi kwa hii lango yetu, mtu hatujui akatoka, akauliza tunatafuta nani. Sasa wewe ukirudi utapiga hodi, mimi nitafungua.”